Upendeleo wa kijinsia usioonekana kazini: mwongozo wa kuanzia kwa bosi, supavaiza na mtu wa HR hapa Uganda

Maswali ni yale yale kila wiki. "Sisi tuko watu 18 tu, hii mambo inatuhusu kweli?" "Bosi kaniambia niandae seminaa ya jinsia, nimwite nani?" "Hapa hatubagui mtu, sasa mbona mabinti wanakaa mwaka mmoja wanaondoka?" Kujibu mmoja mmoja kunachosha, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Kama una kampuni ndogo Kampala, ni mkuu wa shule Mbale, meneja wa SACCO kule Arua, au ndio umepewa kiti cha HR juzi na hujui uanzie wapi, fuata hatua moja moja na usiruke.

Tuelewane kidogo kwanza. Upendeleo ninaousema hapa si ule wa mtu anayetamka wazi "mimi sitaki mwanamke kwenye timu yangu", huyo anajulikana na dawa yake ni barua ya onyo. Huu mwingine unakaa kwa mtu mzuri kabisa, anayesali, ana binti chuo kikuu na ada anamlipia bila kulalamika, ila ukimtajia "injinia" kichwani anamwona mwanaume mwenye kofia ya saiti, ukimtajia "sekretari" anamwona dada fulani, na siku ana haraka anaamua kwa kufuata hiyo picha wala hajui kama ameifuata. Wanaume wanao, wanawake wanao pia. Nadharia imeishia hapo.

Msimamo wangu uujue mapema tusipotezeane muda: mioyo ya watu achana nayo. Wewe shughulika na fomu, ratiba, karatasi za alama, na nani anaongea wa kwanza kwenye mkutano. Seminaa ya siku moja hotelini Entebbe yenye bafe na fulana za bure watu wataifurahia sana, Jumatatu wanarudi wanamwambia yule yule binti alete chai. Kama hela inatosha kitu kimoja tu basi isiwe seminaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Orodha ya mishahara ya watu wote pamoja na alawansi. Najua ni siri, ndio maana kazi hii haifanywi na mtu asiye na ruhusa.
- Matangazo ya kazi mliyotoa karibuni, CV za walioomba na karatasi za alama za interviu. Kama karatasi za alama hamna, basi umeshapata jibu la kwanza kabla hata hujaanza.
- Fomu za tathmini za mwaka jana.
- Rekodi za safari za fildi: nani alienda, siku ngapi, alilipwa nini.
- Minitsi za mikutano, hata kama zimeandikwa kwenye daftari la shule.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusaini. Bila huyo utaandika ripoti nzuri itakaa kwenye droo.
- Katiba ya 1995 na Sheria ya Ajira ya 2006. Huhitaji kusoma zote, nitakuonyesha pa kuangalia.

Usichohitaji: konsaltanti wa bei kali, na yale majaribio ya intaneti ya kubonyeza picha na maneno upesi upesi halafu yanakuambia una upendeleo kiasi gani. Fanya mwenyewe nyumbani kama una hamu, lakini usiwape wafanyakazi kama mtihani manake mtu huyo huyo akirudia kesho anaweza kupata jibu lingine, sasa utamhukumu kwa lipi?

Hatua zenyewe

1. Hesabu kimya kimya

Fungua Excel, au karatasi ya mistari kama ndio uliyo nayo. Kila mtu mstari wake: jinsia, cheo, mwaka alioanza, mshahara wa kuanzia, mshahara wa sasa, mara ya mwisho kupanda cheo, siku za fildi mwaka jana, mafunzo aliyopelekwa. Majina usiweke, weka namba, kwa sababu hiyo karatasi siku moja itasahaulika kwenye printa.

Ukimaliza, tafuta pengo halafu kwa kila pengo uliza "kwa nini" mpaka upate jibu unaloweza kuliandika na kulisaini. "Ana uzoefu wa miaka minne zaidi" ni jibu. "Alijua kujieleza vizuri" si jibu.

Tahadhari: kama mko watu 12 usianze kutangaza asilimia. Mtu mmoja akihama namba yote inapinduka. Kwenye ofisi ndogo angalia kesi moja moja. Na usiitishe mkutano kabla hujamaliza hatua hii, manake ukianza na mkutano kila mtu atajitetea na namba zitageuka ugomvi wa nani ni nani.

2. Tangazo la kazi lisichague mtu kabla ya wewe kuchagua

Matangazo yetu bwana. "Anatakiwa binti mrembo, smati, chini ya miaka 27, wa risepsheni." "Anatakiwa kijana mwenye nguvu wa stoo." Futa yote hayo uandike kazi yenyewe. Kama mtu wa stoo anabeba magunia ya kilo 50, sema hivyo, na siku ya interviu gunia liwepo pale kila mmoja alibebe, mwanaume kwa mwanamke. Utakuta mara nyingi hakuna gunia la kubeba, kuna toroli na daftari la kuandika kilichoingia na kilichotoka.

Hii inawahusu wanaume pia. Kijana anayejua kompyuta na anayepokea simu kwa adabu anaogopa kuomba kazi ya risepsheni kwa sababu tangazo limesema "binti".

Maneno kama "awe tayari kusafiri wakati wowote" yafafanue. Wakati wowote ni nini? Kama ni safari mbili kwa mwezi za siku tatu tatu, andika hivyo. Mama mwenye mtoto mdogo akisoma "wakati wowote" anaacha, akisoma "safari mbili" anapiga hesabu na dada yake atakayekaa na mtoto, anaomba.

3. Vigezo viwe vimesainiwa kabla CV hazijafunguliwa

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, naomba utulie.

Watafiti wawili Marekani, Uhlmann na Cohen, walichapisha jaribio mwaka 2005. Waliwaletea watu maombi ya kazi ya mkuu wa polisi, ya mwanaume na ya mwanamke, mmoja ana elimu nzuri lakini mtaani hajazoea, mwingine anaujua mtaa lakini shule ndogo, na walikuwa wanabadilisha nani ana nini. Mwanaume akiwa ndiye msomi, watu walisema elimu ndiyo muhimu kwa mkuu wa polisi. Mwanaume akiwa wa mtaani, elimu ikashuka thamani. Hawakuwa wanadanganya, walijiona wanatenda haki kabisa. Na walipoambiwa wachague vigezo kwanza kabla ya kuona waombaji, ule upendeleo ukaondoka. Bila seminaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa na wenzako kabla siku ya mwisho ya maombi haijafika, andikeni vigezo vinne au vitano, kila kimoja na alama zake, jumla 100. Mfano afisa mikopo: kupiga hesabu ya riba na kusoma vitabu vya mahesabu 35, uzoefu wa kufuatilia madeni 30, kuongea na wateja 20, kuandika ripoti 15. Saini, weka tarehe, fungia kabatini. Baada ya hapo hakuna kubadilisha. Akitokea mtu kwenye kikao kuanza "lakini unajua, hii kazi inahitaji mtu wa kujituma usiku", muulize kwa upole kama hilo liko kwenye karatasi.

Halafu ficha majina. Mtu asiye kwenye kamati, hata kama ni mhasibu, azipe CV namba na kufunika jina, picha, hali ya ndoa, idadi ya watoto, dini na kabila. Na usiishie hapo. Majina yetu yanaongea, Okello na Akello kila mtu anajua nani ni nani, Kato na Nakato vile vile, wa kwanza mwanaume wa pili mwanamke, hilo ni rahisi kuliona. Watu wanachosahau ni shule. Umefunika jina vizuri kabisa ukaacha "Gayaza" au "Namagunga", kila mtu mezani ameshajua ni mwanamke. Ukiacha "Ntare" au "Kisubi" wameshajua ni mwanaume, na pengine mmoja wao ni old boy, yaani alisoma hapo hapo, na ameshatabasamu. Funika shule ya sekondari, acha matokeo.

Kwa nini usumbuke hivyo? Mwaka 2012 Marekani maprofesa wa sayansi 127 walitumiwa ombi moja la kazi ya kusimamia maabara, neno kwa neno, wengine limeandikwa John na wengine Jennifer. John alionekana anafaa zaidi na walikadiria kumlipa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka, Jennifer 26,508. Na maprofesa wanawake walifanya vile vile kama wanaume. Kwa hiyo ile hoja ya "sisi tuna madamu kwenye kamati, hatuwezi kupendelea" iweke pembeni.

4. Interviu: maswali sawa, alama kabla ya mdomo

Maswali yaandikwe, kila mtu aulizwe hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Kila mjumbe aandike alama zake peke yake pale pale mtu anapotoka, kabla hamjajadiliana. Mkianza kujadili, mjumbe wa chini kabisa aseme kwanza na bosi aseme mwisho. Hii ya mwisho peke yake ina faida kuliko mabango yote ukutani, kwa sababu mzee akishasema "yule kijana nimempenda" hakuna tena atakayesema kitu.

Maswali ya kufuta leo leo: Umeolewa? Mume wako anafanya kazi wapi? Una mpango wa kuzaa lini? Watoto utawaacha na nani? Hata kama unauliza kwa wema. Ukitaka kujua kama mtu ataweza safari, eleza safari zilivyo halafu muulize kila mmoja, Kato na Nakato, "utaweza?" Jibu la ndiyo au hapana linatosha, habari za nyumbani kwake hazikuhusu.

5. Mshahara uwe na sakafu na dari

Tuseme mna maafisa wawili wa kazi moja, mmoja analipwa 1,200,000 mwingine 1,500,000, na ukiuliza unaambiwa "huyu alibagein". Kubagein ndiyo mlango mkubwa ambao pengo la mishahara linapitia. Mwanaume akisimamia bei anaonekana anajua thamani yake, mwanamke akifanya hivyo watu wanasema huyu ana tamaa, na wanawake wenyewe wanalijua hilo, kwa hiyo wengi wananyamaza.

Weka kiwango cha chini na cha juu kwa kila cheo kabla ya kutangaza kazi, na ofa ya kwanza itokane na alama na uzoefu. Acha kuuliza "ulikuwa unalipwa ngapi kule ulikotoka", kama kule alipunjwa wewe unaendeleza tu.

Hili si hisani. Katiba, Ibara ya 40, inataka malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi, na Sheria ya Ajira ya 2006 inaongeza kazi zenye thamani sawa, yaani hata kama majina ya vyeo ni tofauti. Ukikuta pengo lisilo na maelezo, mpandishe aliye chini. Usimshushe aliye juu, utajitengenezea kesi nyingine na adui mwingine.

6. Chai, minitsi, keki na mabugo

Hii wengi wanaicheka, na mimi naiona ni ya pili kwa uzito baada ya vigezo.

Chukua wiki moja uandike nani amefanya nini. Nani amechemsha chai ya wageni. Nani ameandika minitsi. Nani amezunguka na karatasi kukusanya mchango wa kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) ya mwenzenu, nani amekusanya mabugo (rambirambi) baada ya msiba, nani ameenda kununua keki ya bosi, nani ameosha vikombe wakati mtu wa usafi yuko likizo, nani amemkalisha mtoto wa mteja. Nadhani orodha utakayoipata unaijua tayari. Halafu uliza hiyo kazi iko wapi kwenye tathmini ya mwaka. Haipo. Mtu ametumia saa nyingi kila wiki kuifanya ofisi ikalike halafu Desemba anaambiwa hajafikisha target.

Utasikia "lakini wanajitolea wenyewe". Ndiyo wanajitolea. Kuna utafiti wa Babcock na wenzake, Marekani, 2017, kuhusu zile kazi ambazo kila mtu anataka zifanywe ila si na yeye. Kwenye kundi la mchanganyiko wanawake walijitolea zaidi kuliko wanaume. Lakini wanaume walipowekwa peke yao, walijitolea vizuri tu. Kumbe wanaweza! Wanasubiri tu kwa sababu wanajua nani atanyanyuka kwanza. Na wakubwa walipopewa nafasi ya kumwomba mtu, wanawake ndio walioombwa zaidi, awe mkubwa mwenyewe ni mwanaume au mwanamke.

Dawa ni ratiba ukutani. Majina yote kwa mpangilio wa alfabeti, bosi naye yumo, wiki hii chai ni fulani na minitsi ni fulani. Usiulize "nani atatusaidia?", soma jina. Kama kuna mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na mnataka aandike minitsi daima, basi iingie kwenye maelezo ya kazi yake na alama zake.

Na kuna hii ya kupiga magoti, nitaisema ingawa wengine watanuna. Kwa Baganda na jirani zao mwanamke kupiga magoti anapomsalimu mkubwa ni heshima na mtu ana haki ya mila yake, usije ukaweka tangazo la kukataza. Ila ukiwa wewe ndio mkubwa, nyanyuka, nyoosha mkono kwanza, mwonyeshe kiti. Afisa anayeleta bajeti ya mamilioni haifai aipresenti akiwa chini kwenye zulia na wenzake wa kiume wamekaa kwenye viti. Hili unalimaliza kwa kumvutia kiti, bila hotuba.

7. Mikutano

Kwa mikutano mitatu mfululizo mpe mtu mmoja kazi ya kuhesabu: nani ameongea, nani amekatizwa, wazo la nani limechukuliwa. Vistari kwenye karatasi vinatosha. Halafu badilisha mambo haya:

Ajenda itoke siku moja kabla ili anayehitaji kujipanga ajipange. Kwenye jambo zito mnazunguka meza, kila mtu dakika mbili, hakuna kukatiza. Dada akisema wazo likapita kimya na dakika kumi baadaye kaka akalisema wote wakapiga makofi, mwenyekiti aseme palepale "hilo ni la Madamu wa akaunti, hebu endelea nalo". Na minitsi ziandike jina la aliyeleta wazo.

Kubwa zaidi ni vile vikao visivyo kwenye ajenda. Ijumaa jioni wakubwa wanaenda kula nguruwe na bia, Jumatatu unakuta nani anaongoza mradi mpya kumbe imeshaamuliwa kule. Wanawake wengi hawakuwepo, wamekimbilia jam ya kurudi nyumbani, na Waislamu nao hawakuwepo, nguruwe tena! Sikatazi watu kula. Weka sheria moja: kilichoamuliwa nje ya minitsi hakijaamuliwa. Na mikutano ya kazi isianze saa kumi na moja jioni.

8. Fildi, mimba na huruma inayomkosesha mtu hela

Huu ndio upendeleo mtamu kuliko wote kwa sababu unakuja na sura ya upendo. Kuna safari ya Karamoja ya wiki mbili, supavaiza anasema "aah yule ana mtoto mdogo, tusimtese, apelekwe Okello". Hakuna aliyemuuliza. Okello anarudi na alawansi ya wiki mbili, anajulikana na wafadhili, ana picha kwenye ripoti, na mwakani nafasi ya kuongoza ikitangazwa inataka "uzoefu wa fildi".

Kanuni: ofa inatolewa kwa zamu, na kila mtu anajikatalia mwenyewe. Akikataa mara hii, mara ijayo anaulizwa tena. Usiweke alama ya kudumu kwenye jina lake. Tatizo likiwa ni usalama wa barabara au pa kulala, litatue kwa wote, wanaume nao hawapendi kulala kwenye lodge isiyo na kufuli.

Uzazi: Sheria ya Ajira ya 2006 ilivyoandikwa inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4 za kazi. Mwanasheria wenu akuthibitishie kama kuna kilichorekebishwa. Kabla hajaondoka kaeni naye muandike kazi zake anamwachia nani na anarudi kwenye zipi, kwa majina ya wateja au miradi. Bila karatasi hiyo atarudi akute wateja wake wote wameshakuwa wa mtu mwingine. Na zile siku 4 za baba wahimize wanaume wazichukue zote, bosi wa kiume akizichukua yeye kwanza ndio vizuri zaidi, manake ofisi ikishazoea kwamba mtoto akizaliwa hata wanaume wanakosekana kazini, ile hofu ya kuajiri mwanamke "atazaa" inapungua. Kama kuna chumba chochote chenye mlango na kitasa cha ndani, mama anayenyonyesha apewe muda wa kukitumia.

9. Tathmini ya mwaka

Chukua fomu za mwaka jana, kalamu nyekundu, piga mstari chini ya kila neno la tabia. Mkali, ana hasira, mpole, mchangamfu, ana msimamo, anajiamini sana, ana kiburi. Halafu angalia yameandikwa kwa nani. Yule yule anayegonga meza, akiwa kaka Wasswa ana msimamo na akiwa dada Babirye ana mdomo.

Kanuni ni moja: neno la tabia halikubaliki bila tukio. "Ana kiburi" rudisha fomu. "Tarehe 3 Juni alikataa kurekebisha ripoti baada ya kuonyeshwa kosa" hiyo inajadilika. Na kabla ya kusaini, supavaiza abadilishe jina kichwani, aweke la jinsia nyingine, aisome tena. Ikisikika ajabu, aandike upya.

10. Usichanganye na unyanyasaji wa kingono

Mtu anayemshika mwenzake, anayetuma picha chafu au anayesema "promosheni yako iko mikononi mwangu, twende wikendi", huyo si suala la upendeleo asioujua, usimpeleke kwenye kikao cha kuelimishana. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuzuia unyanyasaji huo, na zipo kanuni zake za 2012. Hata mkiwa watano, weka watu wawili wa kupokea malalamiko, na wasiwe wote chini ya bosi mmoja. Nje ya ofisi yupo afisa kazi wa wilaya, na kwa mambo ya ubaguzi ipo Tume ya Fursa Sawa iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Waambie wafanyakazi hayo wazi, usiwafiche kama siri ya ukoo.

11. Pima tena baada ya miezi sita

Ile Excel ya hatua ya 1, ijaze upya. Usitegemee maajabu kwenye mishahara kwa miezi sita, ila siku za fildi, minitsi na waliofika interviu lazima zionyeshe kitu.

Ukikwama

"Wanaume wanasema tunawaonea." Waonyeshe karatasi ya vigezo na alama. Hakuna alama ya ziada kwa mwanamke kwenye mwongozo huu wote, sijaiweka. Kaka mwenye uwezo na asiyekuwa na mjomba ofisini anafaidika na hii karatasi kama dada yake.

"Huyu aliingia chuo kwa 1.5." Hii nayo tumeisikia mpaka basi. Kweli tangu 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 kwenye kuingia. Ni kuingia tu. Mitihani ya ndani ilisahihishwa sawa na ya wengine na digrii ni ile ile. Anayeileta kwenye kikao cha kazi mwulize hilo liko kwenye kigezo namba ngapi.

"Wanawake wenyewe hatuwapati, hawaombi." Rudi hatua ya 2. Angalia pia tangazo mmelibandika wapi, kama ni kwenye group la old boys tu mtapata old boys.

"Mbona wanawake wameshafika juu? Kazibwe alikuwa Makamu wa Rais tangu 1994, Kadaga alishakuwa Spika, Nabbanja aliteuliwa Waziri Mkuu 2021." Sawa kabisa, na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye orodha yako ya mishahara. Fungua yako tuione.

"Ni mila yetu." Mila gani inasema mwanamke aandike minitsi? Watu wakileta mila uliza jambo lenyewe ni lipi, mara nyingi ni mazoea ya ofisi hiyo hiyo.

"Ratiba ya chai imekufa wiki ya tatu." Imekufa kwa sababu zamu ya mkubwa fulani ilifika akamtuma binti amfanyie. Nenda kwa yule mwenye kusaini, faragha, mwombe achemshe chai yake mwenyewe mbele za watu wiki ijayo, ratiba itafufuka.

"Bosi ndiye tatizo." Usimwambie ana upendeleo, mtagombana na kazi itaishia hapo. Mpelekee namba mbili tu: walioacha kazi mwaka jana na gharama ya kuajiri na kufundisha wa kuchukua nafasi zao. Halafu mwombe aruhusu hatua moja, ya 3, kwenye ajira moja inayokuja. Akikataa hata hiyo, anza na zile ambazo hazihitaji saini yake: minitsi, kuzunguka meza, na fomu za tathmini za watu walio chini yako wewe.

"Tumefanya yote na namba hazijasogea." Angalia ni wapi watu wanapotea: kwenye kuomba, kwenye kuchujwa, kwenye interviu, au baada ya kuajiriwa. Kila sehemu ina hatua yake hapo juu, rekebisha hiyo moja. Na kama wanaondoka baada ya kuajiriwa, wapigie simu walioondoka, miezi kadhaa ikishapita na barua ya mapendekezo wakishaipata. Wakiwa bado wanaingoja hiyo barua hawatakuambia ukweli.